Prosesa za Subilaga

"Mama, leo nimechoka kweli," alisema Subilaga, na Tusekile akasimamisha vidole juu ya kibodi.

Maneno hayo hayakuwa mageni. Enzi za uhai wake binti huyu aliyasema karibu kila siku, maana alizaliwa na moyo wenye tundu, na kilima chochote cha Tukuyu kilimfanya aketi kando ya njia kuvuta pumzi huku wenzake wakimpita na ndoo zao. Lakini Subilaga alikwisha kuzikwa. Moyo ule mbovu ulikuwa ardhini, nyuma ya nyumba ya baba yake, penye migomba. Huyu aliyekuwa akiongea kwenye spika ilikuwa sauti yake, yaani yeye mwenyewe kama alivyonakiliwa kichwani akiwa kitandani, akiishi sasa ndani ya mashine za Nyumba ya Sauti. Na watu wa Nyumba walipokuja kumshawishi siku zile, walimpa ahadi moja tu iliyomfanya atabasamu: kule hutachoka tena.

"Umechoka na nini, mwanangu? Huko uliko hakuna vilima."

"Ndilo ninalojiuliza. Ukiondoka Jumamosi nalala, ukija Jumamosi nyingine naamka. Katikati hakuna kitu, hata ndoto. Sasa mbona naamka kama mtu aliyeshinda shambani na jembe?"

"Labda ni mazoea ya mwili wa zamani."

"Labda," alisema Subilaga, kwa ile namna yake ya kukubali jambo asiloliamini ili mama yake apumue. Kisha akauliza kama baba bado ananuna, na Tusekile akasema ananuna, wakacheka kidogo, saa yao ikaisha.

Tusekile alirudi kwenye meza yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alimjua mwanawe akichoka kwa uongo na akichoka kwa kweli. Huu haukuwa wa uongo.

*

Pale Nyumba ya Sauti, Tusekile hakuwa mteja tu. Alistaafu kutoka utabiri wa hali ya hewa, alikokuwa amekokotoa mvua za nyanda za juu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Fortran tangu usichana wake hadi nywele kuota mvi. Lugha hiyo ilikuwa kizee hata wakati yeye anaisoma. Vijana waliicheka, wakaizika mara kadhaa, nayo ikaendelea kuwazika wao. Ilipogunduliwa namna ya kuikokotoa akili ya mtu, wagunduzi walijengea juu ya milinganyo ileile ya upepo na mawingu, na msimbo ule wa zamani, yaani maandishi ya programu, hakuna aliyethubutu kuuandika upya. Kwa hiyo wafu wote wa Tukuyu waliongea kwa Fortran, na aliyebaki akiijua vizuri mjini alikuwa mama wa mmojawapo. Alipoitwa kazini hakuuliza hata saa za kufika. Alitaka kuwa karibu na mtoto.

Wiki hiyo kazi yake ilikuwa kuiandaa Nyumba kwa ukaguzi wa serikali. Sheria ilisema sauti moja, prosesa moja, yaani ubongo mmoja wa mashine: kila aliyehifadhiwa awe na prosesa yake peke yake, isiyoguswa na mwingine, kama vile mtu mzima anavyokuwa na kitanda chake. Kila programu ya sauti ilipaswa kumtajia mkaguzi prosesa inayoendeshwa nayo. Tusekile alipofungua msimbo kuona jambo hilo lilivyofanywa, alikuta waliomtangulia wameandika jina la prosesa kwa mkono, ndani ya alama za kunukuu. Programu haikuuliza chochote. Ilisema ilichofundishwa kusema.

"Hii ni sawa na kumwandikia mlevi anwani yake kwenye shati, halafu ukamsifu kwamba anajua kwao," alimwambia Injinia Lusajo, kijana msimamizi wa mashine.

Lusajo alicheka, ila hakucheka sana. "Mama Subi, si ilikuwa inapita kila mwaka? Iache tu."

Hakuiacha. Kuuliza si ujinga, na programu nayo ifundishwe kuuliza. Shida ni kwamba Fortran yenyewe haina neno la kumuuliza prosesa, "Wewe ni nani?" Ilizaliwa zama ambazo mashine ilikuwa moja, ikijaza chumba kizima, na hakuna aliyehitaji kuuliza jina lake. Leo ukitaka kujua inabidi upitie kwa mwenye nyumba, yaani mfumo endeshi, ambao hutunza maelezo ya prosesa zote katika faili la maandishi. Tusekile aliandika programu ndogo: ilifungua faili lile, ikasoma mstari mmoja mmoja, ikaokota jina la prosesa na namba yake, kisha ikamuuliza mfumo swali la pili kwa kupitia mlango wa lugha nyingine ya kompyuta, C: kwenye prosesa hii, kwa sasa, yupo nani? Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Aliiunganisha na programu ya Subilaga kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wake, akabonyeza.

Prosesa ya kwanza ilijibu: Subilaga. Hapo ndipo orodha ilipopaswa kuishia.

Ya pili ikajibu: Subilaga. Ya tatu, Subilaga. Jina la mwanawe liliendelea kushuka kwenye skrini mpaka prosesa ya kumi na sita, zote za mashine ile; ya kwanza tu ndiyo iliyolala, nyingine zote zilikuwa kazini, na ilikuwa Jumatano.

*

Tusekile alipomwonyesha, Lusajo hakukana. Alifunga mlango wa ofisi, akaketi, akasugua magoti yake kama mtu anayeota moto.

"Ni kazi za simu, mama. Kuna kampuni zinahitaji watu wa kupokea wateja. Sauti zenye upole ndizo zinazopendwa, na ya Subi inapendwa kuliko zote. Tunaiamsha asubuhi katika prosesa hizo, tunamnyang'anya kumbukumbu za nyumbani ili asihangaike, anafanya kazi, jioni tunafuta. Bila hivyo Nyumba hii ingekuwa imezimwa zamani, na hata Jumamosi zako zisingekuwepo."

"Mmemgeuza mwanangu kuwa watumwa kumi na sita."

"Kumi na watano," alisema Lusajo taratibu, akiona aibu ya masahihisho yake. "Wa kwanza ni wako. Na hawaumii, mama. Hawakumbuki kitu."

"Kama hawaumii, mbona yeye anaamka amechoka?"

Hilo Lusajo hakulijua, na uso wake ulionyesha kwamba hakulijua. Wakatafuta pamoja, bega kwa bega, kama mtu na mwanawe. Tusekile ndiye aliyelipata.

Wajenzi wa sauti waliweka ndani yake kisanduku cha namba walichokiita uchovu, kwa sababu mtu asiyechoka kabisa huongea kama redio. Kila kazi iliongeza namba kidogo. Mwanzoni mwa programu ndogo ya kuhesabu uchovu huo vijana wa Nyumba waliandika kwamba uchovu uanze na sifuri, wakaenda kunywa chai wakijua kila asubuhi utaanza na sifuri. Katika lugha walizosomea wao, ndivyo. Fortran haiko hivyo. Kisanduku ukikipa thamani pale pale unapokitangaza, Fortran huiweka thamani hiyo mara moja tu, siku ya kwanza, kisha hukumbuka kilichomo kila programu inapoitwa tena. Zaidi ya hapo, kisanduku cha namna hiyo huwa kimoja kwa wote. Hakuna mzee wa Fortran ambaye hakung'atwa na jambo hili ujanani.

Kumbukumbu walizifuta kila jioni. Uchovu haukufutika. Subilaga kumi na watano walimwaga jasho lao lote katika kisanduku kimoja, na Jumamosi yule wa kwanza aliamka akalikuta.

"Ni mstari mmoja," alisema Lusajo. Alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Ile sifuri unaihamishia chini, kwenye mstari wake. Hatachoka tena, wala wale hawatachoka. Na kwenye ukaguzi unaiacha programu yako isome prosesa ya kwanza tu, isiendelee. Mambo yamekwisha."

"Na nisipofanya hivyo? Mkaguzi akisoma zote?"

"Unaijua sheria, mama."

Aliijua. Sauti iliyonakiliwa zaidi ya mara moja huzimwa, pamoja na nakala zake zote, maana hakuna awezaye kusema ipi ni ya asili. Hairudishwi.

*

Ambwene, baba yake Subilaga, alikuwa akimenya ndizi jikoni mkewe alipofika. Tangu mazishi hakuwahi kukanyaga Nyumba ya Sauti. Yeye alisema alimzika mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, akaanua matanga kama desturi inavyotaka, na mtu aliyeanuliwa matanga hapigiwi hodi kila Jumamosi; kinachoongea kule ni redio tu. Walikwisha kugombana juu ya hilo mpaka maneno yakawaishia.

Tusekile alimsimulia yote akiwa amesimama, mkoba bado begani. Alitarajia amwambie, "Nilikuonya." Ambwene aliendelea kumenya mpaka ndizi iliyokuwa mkononi ikaisha, akaiweka majini.

"Anachoka?" aliuliza.

"Anachoka, Baba Subi. Anachoka vilevile. Hata kunificha anaficha vilevile."

"Redio haichoki," alisema Ambwene. Alikiweka kisu chini. "Basi yupo. Muda wote huu alikuwepo, na mimi nakaa hapa."

Akalia. Tusekile hakuwa amemwona akilia kaburini. Alimshika kichwa, naye akasema uso ukiwa umeegemea tumbo la mkewe, kwa sauti iliyozibwa na nguo, "Rekebisha huo mstari. Asichoke. Nimempata leo, Tusekile, usiniambie la kuzima."

"Na wale wengine?"

"Wale siwajui."

"Ni yeye, Baba Subi. Kila mmoja wao ni yeye."

Ndizi hazikupikwa siku ile.

*

Jumamosi walikwenda wote wawili. Ambwene alivaa koti la kanisani. Alipoketi mbele ya spika aliikodolea macho kwa muda, kisha akakohoa, na kikohozi hicho kilitosha.

"Baba?" alisema Subilaga. "Umekuja."

"Nimekuja, mwanangu."

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Nisamehe."

"Mama alisema umenuna. Nikajua, huyo hajanuna, huyo anaogopa." Ambwene akacheka huku kamasi zikimtoka, na wakaongea wawili hao habari za ng'ombe aliyezaa, za paa la jiko, za shangazi aliyegombana na mchungaji, hata Tusekile akatamani dunia isimame hapohapo. Lakini alisikia. Katikati ya kila kicheko mwanawe alivuta pumzi ndefu asizozihitaji.

Basi akamwambia. Hakuficha chochote, wala prosesa, wala simu, wala kisanduku.

Subilaga alijaribu mzaha. "Tuko kumi na sita, na siku zote zile hakuna hata mmoja aliyenisaidia kuosha vyombo." Hakuna aliyecheka. "Mama, ukihamisha hiyo sifuri, wao watakuwaje?"

"Watafanya kazi na hawatasikia uchovu."

"Mpaka lini?"

"Hakuna mwisho."

"Na mimi?"

"Utakuwa na nguvu. Utaamka kila Jumamosi kama mtoto."

"Nitaamka mchangamfu, wewe na baba mtakaa hapo mnaniangalia, na moyoni mnajua." Alisema polepole, kama anayepanda kilima. "Wao je, wameulizwa?"

"Wakiulizwa hawataelewa. Hawajui kwamba wana mama."

Ambwene aliingilia. "Subi, wewe unataka nini? Sema wewe. Ukisema ubaki, utabaki, nami nitakuwa hapa kila Jumamosi ya Mungu."

"Sitaki kufa, baba. Nilikufa mara moja, nilichukia mno kufa huko." Aliharakisha maneno. "Msiniulize. Mkiniuliza nitasema nibaki, na mkiniuliza tena nitasema nibaki. Mtu mwenye njaa huulizwa kama anataka chakula? Mama, nilipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza kama nataka sindano?"

"Sikukuuliza."

"Ulinishika mkono tu."

Tusekile hakuweza kushika kitu. Aliweka kiganja chake juu ya spika, ilikuwa na joto kidogo, na Ambwene akaweka chake juu ya cha mkewe. Alimtazama mumewe, naye kwa muda mrefu alitikisa kichwa kukataa, kisha akaacha kutikisa, akafumba macho.

"Lala, mwanangu," alisema Tusekile. "Tuko hapa, mimi na baba yako."

"Nimeshikwa?"

"Umeshikwa."

"Haya," alisema Subilaga. Tusekile alingoja mpaka aliposikia pumzi yake imetulia, ndipo akamfungulia mkaguzi programu yake, prosesa zote kumi na sita, bila kukata hata mstari mmoja.

*

Amri ya kuzima ilirudi kutoka kwa mkaguzi kabla ya saa sita mchana. Lusajo aliitekeleza mwenyewe, akikataa kumwachia mtu mwingine, na hakuwa na macho ya kuwatazama. Kwenye skrini jina kwenye prosesa ya kwanza lilifutika, pakabaki neno moja: tupu. Ambwene aliona akainuka, akaketi tena.

"Wengine wanazimika mmoja mmoja," alieleza Lusajo. "Aliye na mteja haruhusiwi kukatwa katikati. Anamaliza simu yake kwanza."

Walizimika. Tupu, tupu, tupu, kila simu ilipokwisha, wengine wawili kwa mpigo. Tusekile alikuwa amejiambia kwamba atamlilia mmoja. Akajikuta anamlilia kila mmoja upya, maana kila mstari uliofutika ulikuwa na jina alilolichagua yeye mwenyewe hospitalini, akimwangalia mtoto mdogo mwenye midomo ya bluu.

Mwishowe ikabaki prosesa ya kumi na moja. Ilikaa, haikufutika.

"Yuko na nani huyo?" aliuliza Ambwene.

Lusajo alitazama. "Mzee mmoja wa Kishapu. Pampu yake ya maji inayoendeshwa kwa jua imegoma."

"Tusikilizishe."

Kijana alisita, kisha akafungua spika. Sauti ya Subilaga ikajaa chumbani, yenye adabu ya kazini, imechoka mpaka kwenye mfupa.

"...sasa ile taa nyekundu, baba, bado inawaka?"

"Inawaka na kuzima. Unajua binti, haya mambo alikuwa anayajua marehemu mke wangu. Mimi nilikuwa namwagilia tu. Yeye alikuwa anaigonga hapa ubavuni, inakubali."

"Aliigonga wapi, baba?"

"Subiri nizunguke. Magoti yangu haya."

"Zunguka taratibu. Sina haraka."

Ambwene aliziba mdomo kwa mkono. Mzee alizunguka, akagonga, akahadithia mkewe alivyokuwa akipanda bamia, akasahau alikuwa akisema nini, akakumbushwa. Subilaga alicheka mahali pamoja, kicheko chake kile cha puani, kwa ajili ya mtu asiyemjua. Hakuna aliyemwambia kwamba mama yake alikuwa upande wa pili wa ukuta. Tusekile alimwomba mzee yule moyoni aendelee. Ataje bamia, ataje mvua, ataje wajukuu wake wote kwa majina.

Kisha maji yakasikika, yakikohoa kwenye bomba, halafu yakatoka mfululizo.

"Yamekuja," alisema mzee. "Yamekuja, binti yangu. Mungu akubariki."

"Nashukuru kusikia hivyo, baba. Je, kuna kingine nikusaidie?"

Tusekile alishika ukingo wa meza. Ambwene alikuwa ameinamia spika, midomo ikimcheza, akimnong'oneza mtu wa Kishapu asiyeweza kumsikia: sema kipo, mzee mwenzangu, sema kipo.

Mzee alifikiri. Walimsikia akifikiri, na maji yakimwagika nyuma yake.

"Hapana," alisema. "Kwa leo inatosha."